Magazini nayo ikaguliwe kama bunduki inavyokaguliwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kifaa ambacho wengi wanaomiliki silaha kihalali hapa Nakuru, na hata baadhi ya wanaopewa silaha za serikali ili walinde raia kule Baringo na Turkana, hukiona kama pambo la bunduki wala si sehemu yake. Nacho ni magazini, kile kisanduku kinachobeba risasi na kuzisukuma juu moja baada ya nyingine mpaka ziingie chembani, yaani mwanzo wa mtutu ambamo risasi hufyatuliwa. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliitumia katika ufundi wa silaha, na hata sasa nikiwa nimestaafu, wenye leseni huniuliza swali lile lile kila tunapokutana kwenye uwanja wa shabaha: je, ninunue magazini ya kiwanda kilichotengeneza bastola yangu, au hii ya kampuni nyingine inayouzwa kwa bei nafuu itanifaa? Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba ya kiwanda ndiyo salama na nyingine zote ni takataka. Jibu hilo si sahihi, na kwa mtu anayeitegemea silaha yake usiku lina hatari, kwa sababu humfundisha kuamini chapa mahali ambapo alipaswa kuamini ukaguzi.

Magazini ya kawaida ina sehemu chache tu: kisanduku chenyewe, springi, kisukumio kinachokaa juu ya springi na kubeba risasi, kitako kinachofunga chini, na midomo miwili ya juu inayozizuia risasi zisiruke nje. Vitu hivyo vichache vina kazi ngumu. Bunduki ya AK-47 ikiwekwa kwenye mfululizo hufyatua takriban risasi 600 kwa dakika, maana yake bolti, kile chuma kinachosukuma risasi chembani, huenda nyuma na kurudi mbele ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na katika muda huo springi inatakiwa iwe imeinua rundo lote la risasi na kuiweka ile ya juu mahali pake barabara kabla bolti haijapita. Risasi 30 za bunduki hiyo zina uzito unaokaribia nusu kilo. Springi iliyochoka haiwezi kuuinua mzigo huo kwa wakati. Bolti hupita juu ya risasi ambayo haijafika, au huipiga ubavuni, na mwenye bunduki husikia chuma kikigonga chuma bila mlio wa risasi. Kwa bastola hali ni hiyo hiyo. Slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayofanya kazi ya bolti, hurudi mbele kwa kasi ile ile mtu afyatue upesi au afyatue kwa kupumzika, kwa hiyo anayedhani kwamba kufyatua taratibu kutaisaidia magazini dhaifu anajidanganya.

Midomo ndiyo inayoamua risasi itoke kwa pembe gani. Ikipanuka kupita kiasi, risasi hupanda kabla ya wakati na mbili zikagombea njia moja. Ikibana, risasi hushikwa nyuma, pua yake huinama, nayo hugonga ukingo wa chini badala ya kuteleza kuelekea chembani. Tofauti ya nusu milimita inatosha kuleta balaa hilo, na nusu milimita haionekani kwa mtu anayeitazama magazini juu ya kaunta ya duka. Umbo la ganda la risasi nalo lina amri yake. Ganda la AK limechongoka kiasi kwamba risasi zikipangwa pamoja hujikunja zenyewe, ndiyo maana magazini yake ina mkunjo. Ganda la bunduki ya G3 limenyooka zaidi, na magazini yake ya risasi 20 imenyooka vilevile. Mtengenezaji wa nakala akiukosea mkunjo huo kidogo tu, atatoa magazini itakayopokea risasi zote mkononi bila tatizo, kisha ikwame katikati pale bunduki inapoanza kazi.

Wanaosema kwamba cha kiwanda hakikosei hawaungwi mkono na historia. Mwaka 1915 Ufaransa ilipitisha bunduki ya rashasha nyepesi ya Chauchat, ambayo magazini yake ya umbo la nusu mwezi iliachwa wazi ubavuni ili askari aone risasi zilizobaki. Tope la mahandaki liliingia humo, na bunduki ikapata sifa mbaya ambayo haijafutika hadi leo. Magazini hiyo haikuwa ya kuiga. Ndiyo ya asili yenyewe. Baadaye Waingereza walikuja na bunduki ya Sten, iliyotumika pia hapa kwetu wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Magazini yake ya risasi 32 ilizipanga risasi safu mbili na kuzilazimisha kuwa safu moja karibu na mdomo, na hapo ndipo uchafu na msuguano vilipokutana. Askari walijifunza wenyewe kutoijaza kabisa, wakapunguza risasi mbili tatu ili springi ipumue. Bunduki ya Sterling iliyoirithi Sten ilipewa magazini yenye mkunjo, ya risasi 34, na kisukumio chenye vigurudumu vidogo, nayo ikatulia. Mtutu wa Sten ulikuwa mzuri siku zote; kilichohitaji kubadilishwa ni kisanduku cha risasi.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Iraq. Vita vilipoanza mwaka 2003, wanajeshi wa Marekani waliobeba bastola ya Beretta M9 walilalamika kwamba magazini zao hazisukumi risasi katika vumbi la jangwa. Nyingi kati ya hizo zilikuwa magazini halali, zilizonunuliwa kwa mkataba wa serikali na kupitishwa na wakaguzi, lakini kuta zake zilipakwa fosfeti yenye ukwaruzo ambayo ilishika mchanga ndani na kukizuia kisukumio kupanda. Dawa ilikuwa kuzipatia magazini mpya kuta laini zinazoachia mchanga. Namtajia msomaji jambo hilo kwa sababu vumbi letu la Bonde la Ufa, hasa lile jepesi la kijivu linalopeperuka kutoka Nakuru kwenda Marigat wakati wa kiangazi, hupenya kila mahali, na sijaona muuzaji anayemwambia mteja lolote kuhusu ukuta wa ndani wa magazini anayomuuzia.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Mwaka 2007 kampuni ya Magpul ya Marekani, ambayo haikuwa imeibuni M16 wala M4, ilianza kuuza magazini ya plastiki ngumu iitwayo PMAG kwa ajili ya bunduki hizo. Magazini rasmi ya jeshi ilikuwa ya aluminiamu nyembamba, iliyopinda midomo kila ilipoanguka vibaya, na jeshi lenyewe likalazimika kuibadilishia kisukumio zaidi ya mara moja kwa sababu kilikuwa kikiyumba ndani ya kisanduku. Desemba 2016 Kikosi cha Marine cha Marekani kiliidhinisha PMAG itumiwe na askari wake, na kabla ya hapo Jeshi la Uingereza lilikuwa limekwisha kununua magazini za kampuni hiyo kwa bunduki zake za SA80 wakati wa vita vya Afghanistan. Hapo magazini ya nje iliishinda ya asili mbele ya watu ambao hawana mchezo na vipimo.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wa kwetu hawaambiwi. Kiwanda cha Mec-Gar, kilichoanza mwaka 1965 katika mji wa Gardone Val Trompia nchini Italia, hutengeneza magazini kwa niaba ya makampuni kadhaa makubwa ya bunduki, na pia huziuza magazini zake kwa jina lake lenyewe. Mwenye bastola ya Ceska au SIG Sauer huenda anaikataa magazini ya Mec-Gar kwa kuiita ya soko, ilhali ile iliyokuja na bastola yake ndani ya kasha ilitoka kiwanda hicho hicho, kwa mashine zile zile. Madereva wa matatu wanalielewa hili vizuri kuliko wenye bastola: wanajua kwamba kampuni ya gari haitengenezi kila spea inayouza, na kwamba dukani kuna spea ya kampuni ya gari, spea ya mtengenezaji mwingine anayeheshimika, na spea feki iliyochapishwa jina la watu. Makosa yetu katika magazini ni kuzichanganya hizo mbili za mwisho na kuziita kwa jina moja.

Hiyo ya tatu, feki, sina neno zuri kwa ajili yake. Hunakili alama, rangi na kasha la kampuni inayojulikana, lakini bati lake ni laini, mshono wa nyuma umechomelewa kwa mabonge, kisukumio kina mikwaruzo ya kalibu iliyochakaa, na springi yake hupoteza nguvu baada ya kujazwa mara chache. Mwenye leseni asiinunue hata kama anauziwa kwa bei ya kutupa, na kwa jumla asinunue sehemu yoyote ya silaha mahali popote isipokuwa kwa muuzaji mwenye leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Muuzaji wa namna hiyo ana duka linalojulikana na vitabu vinavyokaguliwa, na magazini ikileta matatizo unajua pa kuirudisha.

Nikirudi kwa hizi mbili nyingine, nataka kueleza kisa kimoja kinachoonyesha jinsi hukumu za haraka zinavyowapoteza watu. Mfanyabiashara mmoja wa nafaka, mwenye leseni ya miaka mingi, aliniletea uwanjani Ceska ya zamani na magazini mbili, moja iliyokuja na bastola na nyingine aliyoinunua baadaye. Akaniambia, "Mzee, hii niliyouziwa ni mbovu. Nikibonyeza kitufe haidondoki, naivuta kwa vidole." Niliitoa risasi yote, nikakagua chemba, kisha nikamwonyesha kibati cha springi kilichomo ndani ya kitako cha bastola, ambacho katika Ceska 75 za zamani kiliwekwa makusudi ili magazini isidondoke chini kitufe kinapobonyezwa. Yaani bastola ilifanya kama ilivyobuniwa. Nikaitia ile magazini yake ya asili, nayo pia haikudondoka. Hakuwa amewahi kulitambua hilo kwa sababu magazini hiyo hakuwa akiitoa mara kwa mara. Nilipoielekeza kwenye mwanga, niliona ufa mwembamba nyuma ya mdomo wa kushoto, pale chuma kinapopinda. Ukibana kisukumio kwa kidole gumba, ufa ulifunguka kama unywele na mdomo ukasogea nje. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpa risasi mbili kwa wakati mmoja, na ndiyo aliyoipenda kuliko nyingine kwa sababu ilikuwa na nembo ya kiwanda.

Nieleze pia kwamba si kila magazini inayofanana na nyingine huingiliana nayo. Bastola ya Jericho inafanana sana na Ceska, maana ubunifu wake ulitokana na ubunifu ule ule, lakini mtu asidhani kwamba magazini zake zinabadilishana. Kuna wanaozikwangua kwa tupa mpaka zikashika. Magazini iliyokwanguliwa namna hiyo hushika siku ya kwanza, kisha hulegea, na siku itakayochomoka katikati ya kufyatua mwenyewe hatajua ilianguka lini.

Kwa AK swali la kiwanda linakosa hata maana. Bunduki hiyo imetengenezwa Urusi, Uchina, Bulgaria, Romania, Hungaria na kwingineko, kila nchi ikiwa na mashine zake, na magazini za nchi hizo zimechanganyika katika kanda yetu kwa miongo mingi. Ukikabidhiwa bunduki ya Kichina yenye magazini ya Kibulgaria, utauliza ni ya kiwanda gani? Unachopaswa kuangalia ni kama ndoano ya mbele inashika bila kulazimishwa, kama kibano cha nyuma kinajifunga mpaka mwisho, na kama magazini inacheza mbele na nyuma kupita kiasi ikishafungwa. Magazini za chuma za AK zina sifa nzuri kwa sababu midomo yake ni minene na imeimarishwa, wala si kwa sababu ya nchi iliyoandikwa juu yake.

Sasa nifikie jambo linalonisukuma kuandika. Tangu Februari 2023, Operesheni Maliza Uhalifu ilipoanza katika kaunti za Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Laikipia na Samburu, polisi wa akiba wamekuwa mstari wa mbele pamoja na vikosi vya serikali. Hawa ni wenyeji wanaolinda mifugo na shule zao, wakipewa bunduki zilizokwisha kutumiwa na wengine kwa miaka mingi. Wengi wamebeba G3. Magazini za G3 zilianza kwa chuma kisha zikatengenezwa kwa aluminiamu ili kupunguza uzito, na hiyo ya aluminiamu, pamoja na wepesi wake wote, hubonyea kirahisi ubavuni na midomoni. Katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, niliwahi kuombwa nitazame bunduki iliyosemekana kuwa mbovu. Bolti ilikuwa safi, chemba safi, mtutu hauna tatizo. Magazini ndiyo iliyokuwa na kibonyeo upande mmoja, kiasi cha kidole, na kisukumio kilipofika hapo kilisimama. Kabla hakijafika hapo risasi zilipanda vizuri, kilipofika hapo zilizobaki zilikaa tu. Springi nayo ilikuwa imerudishwa kinyume na mtu aliyeifungua ili aisafishe, hivyo mbele ya kisukumio kuliinama badala ya kuinuka. Kijana aliyekuwa nayo aliniuliza kwa heshima, "Mzee, lakini hii si ndiyo ya kiwanda?" Ilikuwa ya kiwanda. Ndani ya daftari la ghala bunduki hiyo ilikuwa imeandikwa nambari, tarehe ya kusafishwa na jina la aliyeichukua. Magazini iliandikwa "moja" tu, bila nambari wala hali.

Mambo hayo mawili, nambari na hali, ndiyo ninayoyapigania. Magazini isiyo na nambari haiwezi kushtakiwa. Bunduki ikikwama, mtu huipiga kofi, huikoki upya na kuendelea, na jioni magazini ile hurudi kwenye rundo pamoja na nyingine ishirini zinazofanana nayo. Lakini ikiwa kila moja ina nambari iliyochorwa kwa rangi kwenye kitako, baada ya siku chache za mazoezi utaona wazi: kasoro ikiifuata magazini nambari fulani kila inapowekwa kwenye bunduki tofauti, magazini ndiyo mkosaji; kasoro ikibaki na bunduki magazini zikibadilishwa, basi tafuta bolti, kibanio cha kuvutia maganda, au risasi zenyewe. Sijui njia nyingine iliyo rahisi na ya haki kuliko hiyo, nayo haigharimu chochote ila kopo dogo la rangi.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mitambo. Magazini ikiwa tupu, sukuma kisukumio chini kwa kidole na ukiachie polepole. Mwendo wake wote uwe laini, kisukumio kisiyumbe mbele wala nyuma, kisisimame popote. Pima nafasi kati ya midomo kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia upana mdogo, na uilinganishe na magazini mpya inayojulikana kuwa nzima, kisha tazama mizizi ya midomo kwa lenzi, kwa sababu nyufa huanzia hapo. Fungua kitako, toa springi, ikague kama imeota kutu au imepinda, na kabla hujaitoa kumbuka upande ulioelekea mbele. Futa ndani kwa kitambaa kikavu. Wengi humimina mafuta ndani ya magazini kwa nia njema, lakini mafuta hayo hushika vumbi na kugeuka kuwa tope jembamba, na yakiifikia risasi yanaweza kuharibu fataki yake. Nje ipanguswe mafuta kidogo dhidi ya kutu. Ndani ibaki kavu.

Kuhusu springi kuna imani iliyoenea kwamba magazini ikikaa imejazwa kwa miezi, springi hufa. Springi iliyotengenezwa vizuri, isiyobanwa kupita kiwango chake, haichakai sana kwa kukaa imebanwa. Inayoichosha zaidi ni kubanwa na kuachiwa mara nyingi. Tatizo la kukaa imejazwa huwa kubwa zaidi kwenye midomo ya plastiki, ambayo chini ya msukumo wa muda mrefu na joto inaweza kupanuka polepole, na ndiyo maana PMAG huuzwa na kifuniko kinachoondoa uzito juu ya midomo wakati wa kuhifadhi. Kampuni ya bastola ya Glock nayo iliwahi kulijibu tatizo linalofanana na hilo: magazini zake za mwanzo hazikuwa na ukuta kamili wa chuma ndani ya plastiki, zikawa zinavimba zikijazwa na hazitoki kwa urahisi, mpaka kampuni ilipozipa ukuta kamili wa chuma. Kwa hiyo mwenye magazini ya plastiki isiyo na chuma ndani, ya kampuni yoyote ile, aitazame midomo yake mara nyingi kuliko mwenye ya chuma.

Magazini ndefu kupita kiasi, zile zinazoning'inia chini ya kitako cha bastola, nazitilia shaka zaidi. Risasi moja ya milimita 9 ina uzito wa gramu 12 hivi. Magazini ya risasi 33 hubeba karibu gramu 400, na springi yake inapaswa kuuinua mzigo huo mzito mwanzoni na bado ibaki na nguvu ya kuisukuma risasi ya mwisho. Wapo watengenezaji wanaofanikiwa, lakini ni wachache. Mtu wa kawaida anayejilinda nyumbani au dukani hapati faida yoyote ya kubeba kitu hicho, na uwezekano wa kukwama anao.

Anayenunua magazini mpya, iwe ya kiwanda au ya kampuni nyingine, asiitie kwenye bastola anayoibeba kabla hajaijaza na kuimaliza uwanjani mara kadhaa bila kasoro, akitumia aina ile ile ya risasi anayoibeba kila siku, kwa kuwa pua ya mviringo na pua iliyo wazi haziteleziki sawa. Baada ya risasi ya mwisho slaidi ibaki nyuma. Isipobaki, kisukumio hakikiinui kizuizi cha slaidi, na magazini hiyo irudishwe dukani. Najua risasi ni ghali. Hata hivyo, magazini ambayo haijajaribiwa haina tofauti na iliyofeli, mpaka siku itakapojulikana.

Kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha ninaomba jambo moja. Mwishoni mwa mwaka 2018 wenye leseni wote waliamriwa kujitokeza upya na kukaguliwa pamoja na silaha zao ndani ya siku 90, na zoezi hilo lilionyesha kwamba nchi ina uwezo wa kuwafikia wamiliki wote. Mwenye silaha anapofika kuhuisha cheti chake, nambari ya bunduki husomwa na kulinganishwa. Hapo hapo aulizwe ana magazini ngapi, ziwekwe mezani, zitazamwe na fundi, na zenye nyufa zikataliwe. Hilo litachukua dakika chache kwa kila mtu, na litaziumbua feki kuliko tangazo lolote.

Kwa Huduma ya Taifa ya Polisi ombi langu ni zito zaidi, kwa sababu mwenye leseni wa mjini anaweza kujinunulia magazini nyingine, lakini polisi wa akiba wa Kapedo hubeba alichopewa. Kila magazini ya ghala ipewe nambari na ukurasa wake daftarini. Mafundi wa silaha watumwe kwenye vituo vya mbali angalau mara moja kwa mwaka wakiwa na springi na visukumio vya akiba, ambavyo ni rahisi mno ukilinganisha na bei ya bunduki. Tuna kiwanda cha silaha ndogo kule Ruiru, kilichofunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta Aprili 2021, na tuna kiwanda cha risasi Eldoret. Sioni sababu ya nchi yenye viwanda hivyo viwili kushindwa kutengeneza springi na bati la magazini kwa vipimo vinavyokubalika, kisha kuzijaribu kwa risasi zetu wenyewe katika vumbi letu wenyewe, ili swali la ya kiwanda au ya soko lijibiwe na matokeo.

Na magazini zitakazokataliwa zisitupwe tu kwenye sanduku la vipuri. Zipondwe mbele ya ofisa, karani wa ghala aandike nambari zake na kutia sahihi, maana magazini mbovu iliyoachwa nzima hurudi kwenye bunduki ya mtu mwingine kabla ya mwezi kuisha.

Fundi wa silaha mstaafu,
Bahati, Nakuru